Nimekutwa na saratani ya tezi, mbona narudishwa nyumbani bila dawa?

SWALI

Madaktari wa safu hii, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka jana nilitokwa na tezi shingoni upande wa kushoto, haziumi. Zahanati wakasema ni TB ya tezi, nikameza dawa miezi sita nikamaliza, tezi ziko palepale na nyingine ikatokea kwapani. Ndipo nikapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Wakatoa tezi moja nzima ya kwapani kwenda kupima kinyama, majibu yakachukua wiki tano: limfoma ya folikula, gredi 1 hadi 2. Baada ya kipimo cha CT wakasema ni hatua ya tatu. Tezi ziko shingoni, kwapani na kinenani, kubwa kuliko zote ina sentimita 2.5. Damu wamesema nzuri. Uzito haujapungua, nina kilo 68.

Nikajiandaa kwa dripu, hata nywele nilishanyoa. Daktari akaniambia, "Mama, kwa sasa hatukupi dawa yoyote. Tutakufuatilia, njoo baada ya miezi mitatu." Nikadhani sijasikia vizuri. Hatua ya tatu halafu narudi kushona?

Nyumbani kumechafuka. Dada yangu anasema hospitali wamenikatia tamaa, wanaona haya tu kunitamkia. Kaka yangu aliyeko Muscat anataka kutuma hela niende India haraka. Jirani ameniletea habbat soda na unga wa mizizi. Nimeanza kunywa na naona tezi ya shingo imenywea kidogo. Kila asubuhi kabla sijakaa kwenye mashine naipima kwa futi yangu ya kushonea: leo 3, kesho 2 na nusu, keshokutwa 3 tena. Usiku silali. Jasho linanitoka, sijui ni ugonjwa, ni joto, au ni umri. Na Ramadhani inakaribia, sijui kama nifunge.

Je, nimeachwa? Na nitajuaje kwamba siku ya dawa imefika?

Fundi wa Tanga

JIBU

Mama, pole sana. Hujaachwa. Mgonjwa mwenye karatasi kama hiyo yako angeambiwa hivyohivyo Nairobi, na angeambiwa hivyohivyo London.

Dada yako hana kosa kushtuka. Limfoma ambazo watu wa huku wamezoea kuziona ni zile za haraka. Ipo ya Burkitt, inayovimbisha mataya ya watoto, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Ipo ya chembe kubwa aina ya B, inayowapata zaidi watu wazima, hasa wenye virusi vya UKIMWI. Hizo mgonjwa akichelewa wiki chache anaweza kupotea, na kwa kuwa chembe zake zinazaliana mbio, dawa huzipata vizuri na wengi hupona kabisa. Yako ni kinyume chake. Chembe za limfoma ya folikula hazikimbilii kuzaliana. Shida yake ni kwamba zimesahau kufa, kwa sababu zina protini ya BCL2 iliyozidi, inayozizuia zisife siku yao ikifika. Dawa za kemo huua chembe iliyo kazini, inayojigawa. Ukizimwaga leo kwenye chembe zilizosinzia, tezi zitanywea, lakini mara nyingi ugonjwa hurudi baada ya miaka. Kwa hiyo swali ambalo daktari wako amejiuliza si kama dawa inafanya kazi. Inafanya. Amejiuliza utapata nini kuianza wakati huumwi chochote, ilhali kila awamu ina gharama yake mwilini: kinga inashuka, na baadhi ya dawa zina kiwango ambacho moyo hauruhusu kukivuka maisha yako yote.

Jambo hili lilipimwa. Huko Uingereza wagonjwa 309 wenye limfoma za polepole, zilizosambaa ila hazijawasumbua, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakaanzishiwa vidonge vya klorambusili papo hapo, wengine wakafuatiliwa tu. Majibu yalichapishwa mwaka 2003, baada ya wengi kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 15: walioanza mapema hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri. Na katika waliosubiri, uwezekano wa kukaa miaka 10 bila kuhitaji kemo ulikuwa 19%, na kwa waliozidi miaka 70 ulifika 40%. Baadaye ikaja rituximab, dawa isiyo kemo, nayo ikapimwa hivyohivyo. Majibu yakatoka mwaka 2014. Iliahirisha siku ya matibabu mengine kwa kiasi kikubwa, lakini tofauti ya urefu wa maisha haikuonekana. Ndiyo maana rituximab ya mapema inabaki kuwa jambo la kujadiliana na daktari, hasa kwa mgonjwa ambaye kusubiri kunamtesa moyo kupita kiasi. Ukiona umefika hapo, mwambie.

Sasa hiyo "hatua ya tatu". Kwenye saratani ya titi au ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu ni habari nzito sana. Kwenye limfoma maana yake ni ramani tu: tezi zipo juu ya kiwambo cha kupumulia na chini yake pia. Wagonjwa wengi wa limfoma ya folikula hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Tena wewe ingekuwa hatua ya kwanza, tezi ziko eneo moja tu, tungekuuliza kwa nini hujapelekwa kwenye mionzi, maana hapo ndipo baadhi ya watu hupona moja kwa moja. Na karatasi ingesema gredi 3B, tungekwambia usisubiri hata kidogo, hiyo hutibiwa kama ya haraka. Gredi 1 hadi 2, tezi nzima imetolewa badala ya kuchomwa sindano tu, CT imefanyika: msingi wako wa kusubiri umekaa sawa.

Ulichouliza cha maana kuliko vyote ni siku ya dawa utaijuaje. Madaktari wana vigezo vilivyotokana na kundi la watafiti wa Ufaransa, vinaitwa GELF, na hakuna ubaya mgonjwa kuvijua. Dawa huanza kufikiriwa tezi au uvimbe mmoja ukifika sentimita 7, au maeneo matatu tofauti kila moja likiwa na tezi ya sentimita 3 au zaidi. Wewe kubwa yako ni 2.5. Vilevile bandama ikikua hadi ikasumbua, maji yakijaa kifuani au tumboni, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikishuka chini ya 100 kwenye picha kamili ya damu kwa sababu ugonjwa umeingia kwenye uboho, au tezi ikibana kiungo: figo, mishipa, njia ya hewa. Kimojawapo kikitokea mazungumzo yanabadilika. Na zipo dalili tatu ambazo mlinzi wake ni wewe mwenyewe, maana daktari hawezi kuziona kwenye picha.

Ya kwanza ni uzito. Kinachohesabiwa ni kupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Kwa kilo zako 68 hiyo ni karibu kilo 7, yaani mzani ukisoma 61. Jipime mara moja kila wiki mbili kwenye mzani uleule, asubuhi, nguo nyepesi. Mizani ya duka la dawa hili na lile inaweza kupishana kilo mbili, ukihamahama utajitia homa bure.

Ya pili ni homa ya zaidi ya nyuzi 38 inayokuja na kurudi bila sababu. Tanga homa ikipanda, kwanza kapime malaria, kisha mkojo. Usimeze dawa ya malaria kwa kukisia, utaficha picha. Vipimo vikiwa safi na homa ikaendelea wiki moja hadi mbili, piga simu kliniki. Nunua kipimajoto cha kidijitali. Mkono kwenye paji la uso haupimi.

Ya tatu ni jasho, na hapa tukae kidogo maana kwenu pwani ndipo watu wanapochanganyikiwa. Jasho la limfoma linalohesabiwa ni la kulowanisha: unaamka usiku khanga inakamulika, shuka imeloa, unabadili vyote, na feni ilikuwa inazunguka. Tena linajirudia usiku baada ya usiku. Jasho la joto la Januari hadi Machi huisha ukifungua dirisha au ukimwagia maji. La kukoma hedhi huja kama wimbi: uso na kifua vinawaka dakika chache, moyo unadunda, kisha baridi, na mchana pia huja, hata ukiwa kwenye cherehani. Kwa miaka 52 hilo la mwisho lina nafasi kubwa, na lina tiba yake. Andika kwa wiki mbili: saa ngapi, ulibadili nguo au hukubadili, feni ilikuwepo. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko kumwambia "natoka jasho sana".

Futi, mama, iache kwenye vitambaa. Wewe ni fundi, unajua futi hupima juu ya kitu: inapita juu ya ngozi, mafuta na tezi kwa pamoja, na ukikaza kidogo au ukilegeza unapata nusu sentimita ya uongo. Ndiyo hiyo 3, 2 na nusu, 3 yako. Na kuiminyaminya kila siku kunaitonesha, ikivimba kidogo unashtuka upya. Pima mara moja kwa mwezi, kwa ncha za vidole vitatu, ukizungusha taratibu: shingoni pande zote mbili, juu ya mifupa ya mtulinga kati ya shingo na bega, makwapani mkono ukiwa umelegea, kinenani ukiwa umelala. Linganisha na kitu kisichobadilika: harage, kokwa ya zambarau, ndimu ndogo. Andika "shingo kushoto, kama kokwa ya zambarau", funga daftari mpaka mwezi ujao. Unachotafuta si tezi iliyoongezeka punje. Ni ile moja inayoziacha wenzake na kukua upesi, ikaongezeka maradufu ndani ya wiki chache. Katika kila watu 100 wenye ugonjwa huu, wawili au watatu kwa mwaka hugeuka wakawa na limfoma ya haraka, na hivyo ndivyo inavyojionyesha: tezi moja inakimbia, kipimo cha damu cha LDH kinapanda, mwili unachoka ghafla. Hapo tezi hiyohiyo inayokimbia hutolewa kinyama upya kabla ya dawa yoyote.

Kuhusu habbat soda na tezi iliyonywea. Tezi za ugonjwa huu hupanda na kushuka zenyewe. Katika wagonjwa 83 wa Stanford, Marekani, waliofuatiliwa bila dawa na kuripotiwa mwaka 1984, 23% tezi zao zilinywea zenyewe kwa muda. Ndiyo maana kila mwenye dawa ya miti ana mashahidi wa kweli kabisa wa limfoma ya polepole. Kijiko cha habbat soda kwenye chakula hatugombani nacho. Unga wa mizizi usiojulikana ni mti gani, acha: ini likiumia leo, siku ya kemo utaambiwa subiri ini lipone, na hiyo ndiyo foleni mbaya.

Kibaya zaidi ya mizizi ni vidonge vidogo vinavyouzwa dukani bila cheti: prednisoloni na deksamethasoni, "dawa ya aleji", "dawa ya viungo", "dawa ya kunenepa". Na baadhi ya poda za kienyeji zimewahi kukutwa zimechanganywa navyo. Dawa hizi huua chembe za limfoma kwa muda. Tezi zinayeyuka ndani ya siku chache, hamu ya kula inarudi, mtaa mzima unashangilia, kisha zinarudi. Na kinyama kikichukuliwa katikati, maabara haioni kitu cha kueleweka. Ukiandikiwa na daktari mwingine kwa pumu au ngozi, mtajie ugonjwa wako kwanza na uwape taarifa wa kliniki ya saratani.

Kusubiri huku kunakulinda kwa sharti moja, nalo ni kuhudhuria. Wanaoharibikiwa wengi si waliokosa dawa mapema. Ni waliojisikia wazima wakaruka kliniki mbili, faili likapotea, wakarudi baada ya miaka miwili figo imebanwa. Mwaka wa kwanza ni kila miezi 3, baadaye huweza kuwa miezi 4 hadi 6. Kila safari daktari akushike: shingo, makwapa, kinena, na tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu kutafuta bandama. Akikutazama faili tu, mwambie kwa adabu, "Daktari, naomba uniguse tezi." Damu: picha kamili, LDH, figo, ini. CT si ya kila safari. Ina mionzi na haiongezi mengi kama wewe na vidole vya daktari hamjaona mabadiliko. Miaka miwili ya kwanza isizidi mara moja kila miezi 6, baada ya hapo kwa nadra zaidi. Mtu akikuandikia CT ya kila miezi 3, muulize anatafuta nini.

Kuna vipimo vya kufanya sasa hivi japo dawa haijaanza. VVU, kama havijapimwa. Homa ya ini B, na vipimo ni viwili: HBsAg na kingamwili ya kiini cha kirusi, anti-HBc. Rituximab humwamsha kirusi cha B hata kwa mtu aliyedhani kimeisha miaka mingi, na ini huweza kufa. Anayejulikana mapema hupewa vidonge vya kukizuia kabla ya dripu ya kwanza. Huku kwetu kirusi hicho ni kingi, usikubali kirukwe. Chanjo nazo ziende sasa, kwa sababu baada ya rituximab mwili haujibu vizuri kwa miezi 6 au zaidi: mafua kila mwaka, nimonia, UVIKO. Chanjo zenye virusi hai usichome bila daktari wako kujua, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Ukitakiwa cheti chake kwa safari, daktari anaweza kuandika barua ya msamaha wa kitabibu. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa mwili kama mkanda, ule mkanda wa jeshi, nenda hospitali ndani ya siku 3. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza mapema.

Kaka yako wa Muscat mshukuru, kisha mwambie hivi: "Ninatibiwa kwa kufuatiliwa. Dawa ipo, siku yake haijafika." Rai ya daktari wa pili ni haki yako, lakini kinachotakiwa kusafiri kwanza ni kinyama, si wewe. Maabara iliyopima ina vioo na kipande cha tezi kilichohifadhiwa kwenye nta. Omba kwa barua ya daktari wako kipimwe tena na mtaalamu mwingine wa limfoma, Nairobi au hata huko India, na CT iende kwenye sidii. Kipande cha nta kikirudi kisikae juani wala ndani ya gari lililofungwa. Nta ikiyeyuka hakina kazi. Ukienda mwenyewe na umekwishalipa nauli, vishawishi vya kukuanzishia matibabu ni vingi. Yeyote atakayetaka kuanza akuonyeshe ni kigezo gani kati ya hivyo tulivyotaja umekifikia. Hela hiyo ni bora ikae kwa ajili ya vipimo, nauli za kliniki, na siku ya rituximab na kemo, ambazo kwa kawaida huwa mizunguko 6 hivi. Michango ya bima isikatike hata mwezi mmoja kwa kuwa unajisikia mzima. Uliza mapema kadi yako inalipia nini na nini hailipii.

Ukijisikia kama sasa, kufunga Ramadhani hakuna shida kitabibu, hasa kwa kuwa huna kidonge cha kumeza mchana. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na usishtuke ukipungua kilo moja au mbili; pima tena wiki mbili baada ya Idi. Ukiwa umeanza dripu, hilo ni swali jipya la kumuuliza daktari.

Usingizi wako umetutia wasiwasi kuliko tezi zako. Wagonjwa wengi huvurugika wiki ile ya kabla ya kliniki kisha hutulia. Ikiwa huli, hushoni, na unalia siku nyingi kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo ni hali yenye matibabu yake, itaje kliniki kama unavyotaja jasho. Na ile tezi ya shingo, kama inakukera kwa kuonekana kwenye kola, kuna mionzi midogo ya siku mbili tu, jumla grei 4 (grei ni kipimo cha mionzi), ambayo huweza kuinywesha bila kukuingiza kwenye kemo.

Yasiyosubiri tarehe, hata iwe usiku: uso na shingo kuvimba au kukosa pumzi ukilala chali, miguu kulegea au kufa ganzi pamoja na mkojo kugoma, macho kuwa ya njano, mguu mmoja kuvimba ghafla, damu kutoka puani au kwenye fizi bila kukoma. Usipande basi la Dar na hali hiyo. Ingia hospitali ya mkoa palepale Tanga, uwaonyeshe nakala ya majibu ya kinyama, nao wawasiliane na wenzao. Kwa hiyo nakala hiyo ipige picha kwenye simu yako na ya mtoto wako, nyingine iwe ndani ya jalada la daftari, pamoja na namba ya faili na simu ya kliniki.